Pete ya Nane

Kahawa ilichukua saa nzima kufika, na ilipofika ilikuwa imepoa. Hapo Khasib akajua kiasi anachochukiwa. Katika Wadi Sidra hata mwizi wa mbuzi humiminiwa kahawa ya moto kwanza, ndipo aulizwe mbuzi yuko wapi.

"Kunywa, bwana bima," alisema Azzan. "Ukimaliza, gonga muhuri wako uondoke. Mjini Izki kuna mgahawa, watakupa chakula."

Khasib alikunywa, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, ingawa hakuna aliyekuwa na nia ya kumwongezea. Alikuwa fundi bunduki wa jeshi kwa miaka ishirini na sita kabla kampuni ya bima ya Maskati haijamwajiri kuwa mkaguzi wa silaha za zamani. Husema kwamba aliwahi kufumbwa macho, akanusishwa bunduki, akaitaja aina yake, mwaka wake, na jina la askari aliyelala nayo. Waliokuwepo siku hiyo wamekwisha kufa wote, kwa hiyo hakuna wa kumbishia.

Azzan, mwana mkubwa wa marehemu Mzee Nabhan, alikuwa na mwili wa kujaza mlango na sauti ya kujaza bonde. Aliketi kwenye zulia la majlisi, mguu mmoja kaukunja, wa pili kaufunika kwa upindo wa kanzu kama kuku anayeatamia yai. Pembeni yake alikaa Shamis, mdogo wake, mwembamba kama mdeki wa bunduki, ambaye kazi yake tangu asubuhi ilikuwa kumkatiza kaka yake. Katikati yao, chini ya dele la kahawa, kulikuwa na barua iliyokwisha andikwa. Ilikuwa ya kwenda polisi. Ilimtaja Bibi Shinuna, mjane wa baba yao, kwamba ameiuza bunduki ya ukoo na kuweka ya sokoni mahali pake. Ilikuwa inangoja kitu kimoja tu, ripoti ya Khasib.

"Bado siku tisa eda yake ya kufiwa iishe," Azzan alisema. "Siku ya kumi atatoka humu ndani kwa gari ya polisi. Mimi si mtu wa maneno mengi."

"Umesema tangu saa mbili," Shamis alimwambia.

"Nyamaza wewe!"

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Bima ya bunduki kumi na mbili ilikuwa kwa jina la Mzee Nabhan, na mzee alifariki Agosti. Kampuni haikukubali kuziandika kwa jina la warithi mpaka kila moja itambuliwe upya na umri wake ujulikane. Kufikia saa nne Khasib alikwisha maliza kumi na moja. Ikabaki ya kumi na mbili, ile waliyoiita Ngurumo. Ilikuwa ya utambi, ndefu kuliko mtu, na mtutu wake umefungwa kwenye mti wa kushikia kwa pete pana za fedha.

"Miaka mia nne," Azzan alitangaza. "Babu wa babu zetu alimnyang'anya Mreno ngomeni. Andika."

Khasib alipitisha lenzi juu ya chuma. "Mreno alikwisha kimbia nchi hii miaka mia na hamsini kabla chuma hiki hakijaingia tanuruni. Unaona mistari hii ya kujisokota? Ni vipande vya chuma vilivyosukwa kama ukili, vikapigwa nyundo mpaka vikawa kitu kimoja. Kazi ya Kiajemi. Ina miaka mia mbili, na ishirini ya nyongeza ukiniudhi kidogo. Na huu mti si wake wa kwanza, umetiwa baadaye."

"Mnaona?" Azzan alipiga goti. "Si yenyewe! Ya kwetu ilikuwa ya Mreno!"

Khasib alifungua orodha ya mwaka 1996, iliyopigwa taipu na mkaguzi aliyemtangulia, akaisoma kwa sauti. "Bunduki ya utambi, mtutu wa Kiajemi. Mti mweusi, hauna ufa. Pete saba za fedha." Akahesabu pete kwa kidole, toka mdomoni kurudi kitakoni. Alihesabu mara mbili. Zilikuwa nane.

"Saba mwaka ule, nane leo," Azzan alisema polepole, akimtazama mkaguzi kama mtu aliyeshinda kesi. "Bunduki haizai pete, bwana bima. Hii ni nyingine."

"Funguo za kabati anakaa nazo nani?"

"Yeye. Na ndiye anayeipaka mafuta kila Jumatano. Marehemu alimdekeza, akamwachia silaha za wanaume."

"Mwambie na mzigo," Shamis alidakia. "Wiki ya pili ya eda alikuja mpwa wake na pikapu. Akatoka na kitu kirefu kimeviringishwa shuka. Kirefu hivi." Alinyoosha mikono mpaka vidole vikagusa ukuta. "Nimekiona kwa macho yangu."

Khasib aliinuka, akaenda hadi mlango wa ndani. Ulikuwa wazi kidogo, na pazia zito limeteremshwa. Mjane aliye edani hatoki mbele ya wanaume wasio maharimu, yaani wanaoweza kumwoa, kwa hiyo aliketi chini upande wa huku, akaegemeza mgongo ukutani.

"Asalaam alaykum, Bibi Shinuna. Mimi ni mkaguzi wa..."

"Najua wewe nani." Sauti ilikuwa ya mwanamke wa makamo, kavu kama kuni. "Umekuja kuhesabu vyuma vya maiti. Uliza upesi, nina uji motoni."

"Mzigo uliotoka na mpwa wako ulikuwa nini?"

"Magongo ya mzee. Ya hospitali. Walimwazima, nikayarudisha, kwa sababu kitu cha watu hurudishwa. Piga simu hospitali ya Nizwa, waulize. Au Shamis hakuwa na muda wa kuuliza, alikuwa anapima kwa mikono?"

Khasib alipiga simu palepale. Mtu wa stoo alipekua daftari kwa muda wa kutosha mtu kuchinja mbuzi na kumchuna, kisha akathibitisha: magongo mawili, yamerudi Agosti, yamefungwa kwenye shuka, na shuka lenyewe halijachukuliwa. Shamis aliteremsha mikono yake, akaikalia.

"Funguo, bibi. Umewahi kumwachia mtu?"

Nyuma ya pazia kijiko kiligonga sufuria mara moja.

"Mara moja tu. Mzee alipolazwa Maskati, tangu mwisho wa Januari mpaka wiki moja baada ya harusi ya mwana wa Azzan. Nililala naye hospitali siku zote hizo. Funguo nilimpa Azzan."

"Anadanganya!" Azzan alinguruma.

"Nilikupa mbele ya gari, mwanangu. Ulikuwa unakula ndizi."

Shamis alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Khasib alirudi kwenye zulia. Kabla ya kufungua chochote, alifanya jambo ambalo fundi yeyote hulifanya kwanza. Aliutia mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, ndani ya mtutu taratibu mpaka ukagota, akauwekea alama kwa chaki penye mdomo wa mtutu. Halafu akautoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje, alama ikae mdomoni, aone ncha inafika wapi. Wakati anainama kutazama, aligundua kivuli kimehama. Azzan, mwenye ule mwili wote, alikwisha hamia nyuma ya kitako cha bunduki, na hakuna aliyemwambia ahame.

Ncha ya mdeki ilikomea vidole vinne kabla ya tundu la baruti.

"Kuna kitu ndani," Khasib alisema. "Imeshindiliwa baruti."

Sasa ndipo Shamis aliporuka. Aliruka kutoka alipokaa bila kutumia miguu, akatua karibu na mlango wa nje. "Imeshindiliwa? Watoto wanalala chumba cha pili! Mwanamke huyu anataka kutuua!"

"Keti, Shamis," Khasib alisema. "Mtu mmoja tu humu ameogopa kabla sijasema, na si wewe."

Azzan alisogea kutoka nyuma ya kitako, kana kwamba hakuwahi kuwa hapo.

Khasib alimimina mafuta kwenye tundu la baruti, akangoja. Kisha akatoa mkobani chuma chembamba chenye ncha iliyojisokota, akakifunga kwenye mdeki, akaushusha mtutuni, akasokota, akavuta. Kikatoka kizibo cha karatasi nzito, na nyuma yake baruti iliyolowa ikamwagika juu ya gazeti kama unga wa mkaa. Risasi hakukuwa na hata moja. Ilikuwa baruti ya ngoma, ya kupiga kelele.

Alikikunjua kizibo kwa kibanio. Karatasi ilikuwa nene, nyeupe upande mmoja, na upande wa pili ina maandishi ya dhahabu. Alisoma yaliyobaki:

"...wanayo furaha kuwaalika... harusi ya kijana wao... Alhamisi ya pili ya Februari... baada ya sala ya alasiri."

Nyuma ya pazia kijiko kiliacha kugonga.

"Kadi ya harusi ya mwanao," Khasib alimwambia Azzan.

"Kadi mia nne!" Azzan alifoka. "Zilimwagwa nyumba nzima, mpaka mbuzi walikula! Ameokota moja, ameishindilia mwenyewe. Inathibitisha nini?"

"Bado. Sasa natoa pete."

"Hutoi pete yoyote! Hiyo ni mali ya marehemu!"

"Ni mali yangu pia," Shamis alisema. Alikuwa amerudi zuliani, bado anahema. "Toa, bwana bima. Mimi nakupa ruhusa. Nataka kujua tumekuwa tukilala na nini humu."

"Shamis, nitakuvunja shingo."

"Ivunje baadaye."

Pete ya nane ilikuwa shingoni mwa bunduki, pale mti unapokuwa mwembamba kabla ya kitako. Khasib aliitelezesha kwa kipande cha ngozi ili isikwaruzike. Alipoigeuza, ndani yake ilikuwa laini kama kioo, na kumepigwa nambari ndogo za ubora wa fedha kama zilivyo bangili za dukani. Alitoa na ya saba kwa kulinganisha. Hii ndani ilikuwa na vidonda vya nyundo, na ukiielekeza kwenye mwanga uliona kivuli cha sura ya riale ya zamani ambayo haikuyeyuka vizuri.

"Hii ya saba ni ya zama za babu yako. Hii ya nane ni ya mashine, imekatwa dukani."

Kisha akaonyesha mti uliokuwa umefichwa na ile pete. Palikuwa na mvunjiko, toka upande huu hadi huu. Umegundishwa kwa gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya, ya manjano. Mbao iliyovunjika ilikuwa bado nyeupe, na katikati ya ufa imenasa chembe ya saruji.

Alitoa pete zilizobaki, akauinua mtutu kutoka kwenye mti wake, akaugeuza. Chini, mahali jicho haliwezi kufika bila bunduki kufunguliwa, palikuwa na nyota tatu zilizochongwa kwa patasi. Akaisogeza orodha ya zamani mbele ya Shamis.

"Soma mstari wa mwisho."

Shamis alisoma, na sauti yake ikawa ndogo. "Alama ya utambulisho: nyota tatu chini ya mtutu. Zisitajwe mbele ya wageni."

"Ndiyo yenyewe," Khasib alisema. "Haijauzwa, haijabadilishwa. Ngurumo ni ileile. Ila imevunjika, na aliyeivunja alikwenda kwa sonara kuficha kidonda kwa fedha."

"Basi kaivunja yeye!" Azzan alisema. "Akiipaka mafuta, imemponyoka."

"Anaipaka mafuta kwenye godoro. Godoro halina saruji."

"Hujui."

"Hiyo picha ukutani ni ya harusi?"

Wote walijua ni ya harusi, maana ilikuwa pana kama mlango wa zizi. Wanaume mia tatu wamesimama safu mbili za ngoma. Kwa watu wa bonde lile, baba wa bwana harusi ndiye anayefungua. Huirusha juu bunduki ya ukoo, ikazunguka hewani, akaidaka kwa mkono mmoja, kisha akaifyatua. Akiidaka, watu husimulia mwaka mzima. Ikimponyoka, husimulia mpaka kwa wajukuu. Kwenye picha ile aliyeshika bunduki alikuwa Shamis, tena ya kisasa, ya kuazima. Azzan alisimama kando, kifundo cha mkono kimefungwa bendeji nene kama kilemba.

"Mkono ulikuwaje?"

"Niliteleza bafuni."

"Ndivyo alivyosema," Shamis alidakia. "Nikaitwa dakika ya mwisho. Nilirusha futi mbili, watu wakanizomea."

"Tazama miguu yake kwenye picha."

Shamis alisogea hadi pua ikagusa kioo. "Viatu vya kufunika," alisema. "Vyeusi. Vya ofisini. Na kanzu?"

"Watu mia tatu wamevaa makubadhi, vidole nje. Mmoja tu kavaa viatu vya karani, naye ndiye mwenye harusi." Khasib alimgeukia Azzan. "Funua mguu wa kulia."

"Umekuja kukagua bunduki au miguu ya watu?"

"Leo vyote."

Azzan hakusogea. Shamis ndiye aliyeukamata upindo wa kanzu akauvuta, na kaka yake akampiga kofi la bega lililosikika mpaka barabarani, lakini yai lilikwisha onekana. Kucha la dole gumba lilikuwa jipya na safi kuanzia shinani. Mbele kabisa, sehemu ya mwisho, lilikuwa bado jeusi kama tende.

"Jeshini bunduki ziliangukia madole kila wiki," Khasib alisema. "Nimeyaona mia, na nimeyaandikia tarehe. Kucha hili huchukua mwaka na ushei kumaliza safari yake. Lako limekwenda miezi kumi. Leo ni Desemba. Hesabu nyuma mwenyewe. Ulikuwa na funguo. Ukaenda shambani kujizoeza, kwenye tangi la maji nililolipita nikija, pale penye saruji, kusiko na watu. Ukaishindilia, ukairusha. Ilipanda?"

Azzan alitazama baruti kwenye gazeti.

"Ilipanda?"

"Ilipanda," Azzan alisema hatimaye. "Jua likanipiga machoni."

"Ikavunjika, na baruti ikabaki ndani kwa sababu bunduki iliyovunjika haifyatuliwi. Ukafunga mkono ulio mzima, ukauficha mguu mbovu. Nilipoandika barua kwamba nakuja kuhesabu pete, ukatafuta mtu wa kubeba. Ukampata asiyeweza kutoka chumbani."

"Ningesema nini?" Sauti ya kujaza bonde haikujaza tena hata dele. "Mbele ya watu wa Wadi Sidra? Kwamba bunduki ya baba yangu ilinishinda?"

Khasib aligeuka kwenye pazia. "Bibi Shinuna. Unaipaka mafuta kila Jumatano. Uliiona hii pete siku ya kwanza."

"Niliiona."

"Kwa nini hukusema?"

Uji ulisikika ukitokota, kisha ukasikika ukiondolewa motoni.

"Siku ya pili ya harusi, mzee aliniuliza pale hospitali. Aliniuliza, Azzan ameirusha? Nikamwambia imepanda mpaka ikaipita mitende, imezunguka mara tatu, na mwanao kaidaka kwa mkono mmoja bila hata kutazama. Alicheka mpaka wakaja kumwongezea hewa ya mtungi. Kila mgonjwa wa wodi ile alihadithiwa. Niliporudi hapa nikafungua kabati, nikaiona pete. Ungenitaka nirudi nimwambie nini?"

Shamis aliitazama tena picha ukutani.

"Na baada ya kufa," aliendelea, "nikasema, atakuja mwenyewe kuniambia. Nikamngoja. Akaniandikia barua ya polisi."

Khasib alipiga muhuri. Aliandika: Imetambuliwa. Mtutu miaka mia mbili, mti si wa asili, pete nane, ya nane imetiwa kuficha mvunjiko. Palipoandikwa "ilikuwa mikononi mwa nani" aliacha nafasi, akampa Azzan kalamu.

"Andika sababu haijulikani," Azzan alinong'ona. "Nakuomba, Bwana Khasib. Kwa heshima ya marehemu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

"Haijulikani huulizwa na polisi, na polisi watamuuliza sonara."

Azzan aliandika jina lake. Kalamu ilitoboa karatasi mahali pawili.

Khasib alirudisha mtutu kwenye mti wake, pete moja baada ya nyingine, akafunga mkoba. Mlangoni, akivaa makubadhi, aligeuka.

"Mimi nimekaa nje ya pazia lile kwa sababu si maharimu wake. Wewe ni mtoto wa mumewe. Mlango huo ulikuwa wazi kwako siku zote mia na ishirini na moja."

Azzan alisimama, dole lake wazi, sasa bila kulificha. Aliipita barua ya polisi, akaenda mpaka kwenye pazia, akasimama. Mtu ambaye maisha yake yote hakupata kubisha hodi nyumbani mwa baba yake alisema, "Hodi."

Shamis akaacha kusugua bega lake.

"Ingia," Bibi Shinuna alisema. "Na hiyo bunduki uje nayo. Leo Jumatano, haijapata mafuta."